Baiskeli ya laki tisa isiyo na keria

Mtulinga wangu wa kushoto una kinundu. Nikibeba mkoba wa kazini upande huo, mkanda unakikalia na mimi nakikumbuka. Nilikipata Jumapili moja ya Septemba 2022, kwenye mteremko wa Kikavu, kati ya Moshi na Boma Ng'ombe. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha baiskeli ya lami nikahamia ya milimani, naona wanategemea niseme mlima uliniita. Mlima haukuniita. Niliogopa mabasi.

Nianzie nyuma kidogo. Mimi ni mtu wa Singida, nchi ya upepo na mawe, ambako baiskeli ni chombo cha kwendea mnadani. Nikaolewa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nikahamia Moshi mwaka 2014, nikapata kazi ya uhasibu mjini, nikanenepa. Mwaka 2017 nikanunua baiskeli ya mbio ya mtumba: matairi membamba kama kidole gumba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Kwa miaka mitano hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yangu. Tulikuwa watu sita, tunakutana Mnara wa Saa saa kumi na mbili asubuhi. Siku za uvivu tulishuka kiwanda cha sukari cha TPC, katikati ya mashamba ya miwa, njia tambarare kama meza. Siku za ubishi tulikwenda Himo, tukapanda mpaka Marangu Mtoni, tukanywa chai ya rangi na chapati, tukashuka.

Nisiidharau lami kwa sababu tu tumeachana. Ukiwa nyuma ya mwenzako kwenye barabara ya TPC, upepo wa mbele unamgonga yeye, wewe unakula kivuli. Halafu anapunga kiwiko, anakaa pembeni, zamu yako. Hakuna anayeongea. Unasikia minyororo sita tu inasaga, na mlima nyuma yenu uko wazi kwa sababu mawingu hayajaamka. Hicho kitu sijakipata tena popote.

Siku ya Kikavu nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Barabara pale inaingia bondeni kwa kona halafu inatoka, na wenzangu walikuwa wameshapita daraja. Basi lilitokea mbele likiwa linalipita lori, yaani lilikuja upande wangu, taa zote zinawaka, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea njia. Nikatoka nje ya lami. Ukingo wa lami pale ulikuwa umeachana na udongo kwa kimo cha kiganja, na tairi jembamba lenye upepo wa psi 100 (ndicho kipimo cha pampu) halina la kusema mbele ya changarawe. Nakumbuka kofia ngumu ikigonga kitu. Basi halikusimama.

Wiki sita mkono ulining'inia shingoni. Mume wangu alisema sentensi moja, "Hicho chuma kiuzwe," na hakuirudia. Wanaume wa kwao wakisema mara moja wamesema.

Katika wiki hizo, nikiwa nimeegemezwa mito mitatu, nilisoma mno kwenye simu. Ndiko nilikokutana na habari za vijana wa Marin County, California, miaka ya 1970, waliokuwa wanaokota baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, wanazipandisha milimani, kisha wanashuka nazo kwa fujo. Mashindano yao ya kwanza ya kupimana muda yalifanyika Oktoba 21, 1976, kwenye njia waliyoibatiza Repack. Jina limetokana na breki. Zilikuwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, zile za kukanyaga pedeli kinyumenyume, na mpaka ufike chini grisi yote imeungua imekuwa moshi (wa kawaida, si wa Kilimanjaro), kwa hiyo ilikulazimu kufungua habu na kushindilia grisi upya, yaani kui-repack. Akina Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze, wanaohesabiwa waasisi wa baiskeli za milimani, walitokea humo. Mwaka 1977 Breeze akaunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo, na miaka ishirini haikufika mchezo ukawa Olimpiki, Atlanta 1996.

Nilipofika kwenye ile grisi nikaweka simu chini. Huyu mtu namjua, niliwaza. Anapita Kibosho kila asubuhi.

Ni kijana wa maziwa. Ana baiskeli ya Phoenix nyeusi, breki zake ni za vyuma na ya mbele imeshakufa, na kila upande wa keria amefunga dumu la lita 20. Hizo ni kilo arobaini za maziwa nyuma ya mgongo wake, kwenye mteremko ambao mimi nikiwa na fremu ya alumini niliushuka nimekaza meno. Miguuni ana kandambili. Akitaka kupunguza mwendo kweli kweli anashusha mguu wa kulia nyuma na kuibana soli juu ya tairi, na ukiwa karibu unasikia harufu ya raba iliyoungua. Miaka mitano tulikuwa tunampita kwenye lami tukiwa na miwani yetu ya jua na kumpungia mkono. Nilikuwa namhurumia, Mungu anisamehe.

Januari 2023 rafiki yangu anayetembeza wageni aliamua kuuza baiskeli yake ya milimani. Laki tisa, kwa awamu tatu. Magurudumu ya inchi 29, matairi mapana kuliko mkono wangu, shokapu ya mbele inayozama sentimita kumi, breki za diski zinazoendeshwa na mafuta, na usukani mpana ulionyooka ambao siku ya kwanza ulikwangua fremu zote mbili za mlango wa stoo. Mume wangu aliizunguka akauliza, "Hii inapita barabara kuu?" Nikamwambia haipiti. Akanyamaza. Kwake huo ni mkataba.

Nilidhani nahamia nyumba ya jirani. Nina mapafu, nina miguu, najua gia, sasa kuna jipya gani? Nikaenda Msitu wa Rau, pale pembezoni mwa mji, kwa sababu ni tambarare na hakuna mtu wa kunicheka zaidi ya mbega. Baada ya dakika kumi viganja vilikuwa vinawaka moto. Kila mzizi ulikuwa unanipiga kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye kile kinundu. Tairi la nyuma lilikuwa linarukaruka kama maharage kwenye sufuria. Nikasimama chini ya mvule, mmoja wa ile mikubwa ambayo watu watano hawaukumbatii, nikaiangalia baiskeli ya laki tisa na kufikiri nimeibiwa.

Kosa lilikuwa upepo. Nilimwambia fundi ajaze kama kawaida, na kawaida yangu ilikuwa 90 mpaka 100. Tairi pana likijazwa hivyo hugeuka jiwe, na lile halikuandikwa hata kuvumilia kiasi hicho. Fundi kwa busara yake aliishia 60. Nilipolishusha hadi 26 nyuma na 23 mbele (nina kilo 64, mzito zaidi aongeze) nilikuwa kama nimebadilishiwa baiskeli. Tairi laini linajifinyanga juu ya mzizi badala ya kuruka, na linaacha sehemu kubwa zaidi ya raba ikishika udongo. Mtu wa lami anaamini tairi gumu ndilo lenye kasi. Kwenye lami nzuri, sawa. Kwenye mizizi, tairi gumu linakurusha juu kila mara, na nguvu yako yote inakwenda kwenye kurushwa.

Baada ya mwezi nikajiona tayari kwa Kibosho.

Kupanda hakukunitisha. Nilikwenda na lami ya Kibosho polepole mpaka juu, halafu nikaingia kwenye vinjia vya vihambani, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wachagga. Baiskeli yangu ya mbio ilikuwa na gia nyepesi ya meno 34 mbele kwa 28 nyuma, maana yake mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara 1.2. Hii mpya ina 32 mbele na 42 nyuma, mara 0.76. Unatembeza miguu kama unashona kwa cherehani na unapanda ukuta. Tatizo ni kwamba kwenye mwinuko mkali mimi nimezoea kusimama juu ya pedeli, na nikisimama kwenye udongo, uzito unatoka nyuma, tairi linazunguka bure, baiskeli inasimama, naanguka ubavu kama gunia. Nilianguka hivyo mara tatu mbele ya mama mmoja aliyekuwa anachambua mboga barazani. Mara ya tatu akasema, "Pole mwanangu, si ungeisukuma tu?" Siku hizi nakaa kwenye ncha ya kiti, kifua chini, sinyanyuki.

Lakini kushuka! Nina miaka mitano barabarani, nimeshuka Marangu mara nyingi kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, na siku ile niligundua kwamba sijawahi kujua kushuka. Nilichokuwa najua ni kukaa kimya juu ya lami iliyonyooka na kuacha ardhi inivute. Kwenye kinjia cha vihambani, upana wake ni mkokoteni mmoja. Kushoto kuna mfongo, mfereji wa kienyeji wa kumwagilia, wenye maji, kulia ukuta wa masale, katikati mawe, mavi ya ng'ombe na kuku wa mtu. Na ghafla njia inakatwa na mfongo mwingine kwa juu, umepitishiwa kwenye kipande cha gogo. Nilikaza kila kitu nilichonacho: vidole vinne kwenye breki, viwiko vimenyooka, makalio yamegandia kwenye kiti kilichonyanyuka juu kama nilivyokuwa nakiweka barabarani.

Kona ya tatu nikaliona jiwe. Nikaliangalia jiwe. Nikaliendea jiwe.

Wasiojua masale: ni yale majani marefu yanayopandwa kama uzio kuzunguka kihamba, na kwa Wachagga ni zaidi ya uzio. Aliyekukosea akija na jani la sale kukuomba radhi, kukataa ni kazi ngumu sana. Mimi niliingia kwenye masale ya watu kwa kichwa. Nilipotoka nilikuwa nimeng'oa shina zima, nimelishika mkononi bila kujua, matope mpaka masikioni. Mzee mwenye kihamba alikuwa amesimama na panga lake, anakatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akaniangalia, akaliangalia shina. "Huku kwetu mtu akituomba msamaha analeta jani moja. Wewe umekuja na mti mzima. Umetukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Alinipa maji ya kunawa, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia ukoo wa mume wangu akapiga kofi pajani: kumbe ni mkwe wa pale juu tu. Nikajua kabla sijafika mjini mama mkwe atakuwa ameshapata taarifa yenye viungo.

Aliyenifundisha ni kijana wa maziwa. Sikumwomba. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye kona ile ile natafakari niisukume, akatokea juu na madumu yake, akapita pembeni yangu huku anasalimia, akakata kona bila mguu kugusa tairi, akasimama chini na kunisubiri. Nikamfikia natembea.

"Dada, nimekuangalia tangu kwenye gogo. Unafunga breki ukiwa ndani ya kona."

"Sasa nifunge wapi, mdogo wangu? Huko nje?"

"Huko nje. Maliza kupunguza kabla. Ukiingia, achia. Na macho yatoke pale." Akaonyesha mgomba uliokuwa mbali baada ya kona. "Mimi nikiangalia hapa chini, maziwa yote yanamwagika."

Nimesoma maelezo mengi baadaye yenye michoro na mishale, na yote yanasema hayo hayo. Nijieleze kihasibu: tairi lina bajeti moja ya kushika ardhi. Breki inachota humo, kona inachota humo. Ukimaliza yote kwenye breki, ukifika kwenye kona akaunti haina kitu, gurudumu linateleza. Kwenye lami kavu bajeti ni kubwa mno hivyo unaishi miaka mitano bila kujua kuna bajeti. Kwenye udongo mwekundu wenye vumbi la Februari juu yake, ni kama salio la mshahara kabla haujaingia mwingine.

Mengine yalikuja yenyewe, kwa michubuko. Kiti kinashushwa kabla ya kushuka. Kuna viti vya kisasa vinavyozama kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Changu nasimama, nafungua klipu, nakisukuma chini kwa mkono kama mtu anayefunga sanduku. Pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja ili moja isigonge jiwe. Magoti na viwiko vilegee, baiskeli icheze chini yako wakati kifua kimetulia. Kidole kimoja kwenye kila breki kinatosha, breki hizi za mafuta hazitaki nguvu. Vile viatu vyangu vya kubana kwenye pedeli nilivitundika ukutani pamoja na baiskeli ya mbio, maana soli yake ya plastiki kwenye matope ni kama kuvaa sahani. Sasa navaa raba za kawaida na pedeli bapa zenye vijimeno. Pedeli hizo zikikugeukia hula ugoko. Nina alama saba kwenye mguu wa kulia, na kazini nimeacha kuvaa sketi fupi.

Kisa cha breki lazima nikitoe. Mwaka jana diski zilianza kulia, mlio wa kukera kama mbuzi. Nikapeleka kwa fundi mjini, mtu mwema, hodari wa kunyoosha rimu kuliko yeyote ninayemjua. Nikarudi jioni, mlio umekwisha. Nilimpa elfu tano na shukrani. Kesho yake nikaanza kushuka na breki haipo. Nabana, inabanika vizuri, na baiskeli inaendelea na safari zake. Niliokoka kwa kuingia kwenye shamba la mahindi. Fundi alikuwa amepaka oili kwenye diski. Kwa miaka thelathini ya kazi yake kitu kikilia dawa ni oili, na mimi sikumwambia kwamba diski ni eneo lisilotakiwa kuona oili hata tone. Diski nilizisafisha kwa spiriti. Vibao vya breki vilikuwa vimeshainywa; nilijaribu msasa, nikajaribu kuvichoma, wapi. Nikaagiza vingine Nairobi, vikaja na basi baada ya siku nne. Fundi alipojua alitaka anifidie kwa kuniwekea mafuta mapya ya breki, yale ya gari. Nikamkimbilia kama anataka kumpa mtoto wangu sumu: breki zangu ni za Shimano, zinatumia mafuta ya madini, ukiweka yale ya gari yanaharibu raba za ndani. Sasa tuna makubaliano. Rimu, beringi na mnyororo ni vyake. Breki naziangalia mwenyewe, na yeye anakuja kuchungulia.

Namba ndizo zilizoniuma zaidi. Kwenye lami, saa mbili zilikuwa kilomita 50 bila jasho la aibu. Safari yangu nzuri kabisa ya mwezi uliopita ilikuwa kilomita 18 kwa saa mbili na nusu. Nilirudi nimechoka kama niliyelima nusu eka, na si miguu. Ni mikono, mgongo wa chini, na mahali fulani kati ya mbavu ambako sikujua kuna misuli. Sehemu ya muda huo, nikubali, ilikwenda kwenye salamu. Barabarani hatukumsalimia mtu. Kwenye vinjia vya vihambani huwezi kumpita mtu kama umeme, kwanza kwa sababu njia ni ya kwake. Kuna akina mama wanaopandisha majani ya ng'ombe kichwani, mzigo umeziba uso, wanaona futi mbili tu za ardhi mbele yao. Nikikutana nao nashuka, nainamisha baiskeli kwenye uzio, nawapisha. Nilinunua kengele ya shilingi 3,000, ile ya kizamani ya kring-kring. Ndiyo kifaa bora kuliko vyote nilivyoongeza.

Na sipiti kila mahali. Juu ya vijiji kuna ule ukanda wa msitu wanaouita Nusu Maili, na hifadhi ya taifa. Huko hakuingiwi kwa kujipenyeza na baiskeli, kuna vibali na ada. Mimi naishia kwenye migomba. Migomba inanitosha.

Kikundi cha Mnara wa Saa hakijanisamehe. Mmoja wao, mwalimu, ananiita "mkulima". Anasema nimeshuka daraja, kwamba milimani wanakwenda walioshindwa kasi. Nilimkumbusha Cadel Evans, aliyekuwa bingwa wa Kombe la Dunia la baiskeli za milimani mwaka 1998 na 1999 kabla ya kushinda Tour de France 2011. Akasema huyo alipanda daraja kwa kuja barabarani. Nikamtolea Pauline Ferrand-Prévot, dhahabu ya Olimpiki Paris 2024 kwenye baiskeli za milimani, kisha Agosti 2025 akachukua Tour de France ya wanawake mwaka wake wa kwanza wa kurudi barabarani. Mwalimu akafikiri kidogo. "Basi wewe rudi," akasema. Hapo alinipata. Mara mojamoja naishusha baiskeli ya mbio ukutani, najaza upepo, nashuka nao TPC. Pale magari ni machache. Kwenye barabara ya Arusha bado sijarudi, na nikiwa ndani ya basi tukifika Kikavu huwa naangalia dirisha la upande mwingine.

Masika naacha, niseme ukweli. Aprili udongo wa Kibosho ni sabuni, na tairi likipita linaacha mfereji ambao mvua inaufanya korongo kwenye njia ya watu. Wapo wanaoendesha. Mimi nasafisha mnyororo, nabadilisha tyubu kuwa tyubulesi (yale maji ya kuziba yameniokoa na miba ya migunga huku chini zaidi ya mara moja), nasubiri Juni.

Sasa mama mkwe. Kinjia ninachokipenda kuliko vyote kinapita mita ishirini kutoka uani kwake, na kukwepa ni matusi. Kwa hiyo kwenye begi nina kanga. Nikifika kwenye mringaringa wa jirani nasimama, najifunga kanga juu ya ile suruali ya kubana, napangusa uso, naingia nikisukuma baiskeli kama mkwe mwenye adabu. Tangu siku ya masale ananipokea na beseni la maji kabla ya salamu.

Jumamosi iliyopita alitoka, akaikagua baiskeli kwa mara ya kwanza. Akabonyeza shokapu, ikazama, ikarudi. Akabinya tairi. Akagusa diski nikapiga kelele, "Mama, mkono una mafuta!" Akauliza bei. Mume wangu alikuwa ameniomba nisije nikaitaja bei hiyo kwa mama, lakini mtu mzima ameuliza.

"Laki tisa, mama."

Akazunguka nyuma, akainama, akatafuta. Akanyanyuka.

"Laki tisa na haina keria?"

Nilimweleza kwamba hizi hazifungwi keria, ni za mchezo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akaingia ndani, akatoka na maparachichi kumi na mawili na kichane cha ndizi mshare, akavipanga mwenyewe kwenye begi langu la mgongoni, kanga ikawekwa katikati visigongane. Ndizi za mtori za mwanawe, alisema, na nisisimame njiani.

Nilishuka na karibu kilo nane mgongoni. Uzito ukiwa juu namna ile baiskeli inataka kupinduka mbele kila ukigusa breki, nikamwelewa kijana wa maziwa kwa nini hufunga vyake chini, ubavuni. Kwenye gogo la mfongo nilinyanyua usukani kwa wakati. Kwenye kona ya masale nikapunguza mapema, nikaachia, nikautafuta ule mgomba kwa macho. Mzee hakuwepo. Sale alilolipanda upya mahali nilipopita limeshatoa majani matatu.

Nyumbani nilimwaga begi mezani, mume wangu akahesabu. Maparachichi mawili tu ndiyo yaliyopondeka.